Bustani tatu na mfereji mmoja: watu wapite wapi, wanyama wapite wapi?

Swali: Mtaalamu habari za kazi. Mtaani kwetu kuna bustani tatu za umma, toka moja hadi nyingine haifiki hata kilomita, ila katikati kuna barabara ya njia nne na mfereji wa zege wa maji ya mvua umezungushiwa uzio. Manispaa wanataka kuzikarabati na wametuomba wakazi tutoe maoni. Mi nataka ziunganishwe kwa njia ya kutembea na baiskeli, na ndege na viumbe wengine warudi. Mwenzangu kwenye kamati anasema ukileta watu wanyama wanakimbia, nichague kimoja. Ni kweli? Na tuanzie wapi?

Jibu: Salama kabisa ndugu yangu. Mwenzako ana hoja, usimpuuze, ila hapo kwenye "chagua kimoja" ndo namkatalia. Mara nyingi ugomvi wa watu na wanyama kwenye bustani za mjini unaanzia kwa mchoraji. Anavuta mstari mmoja kwenye ramani anaupaka kijani, alafu anataka mstari huohuo ubebe baiskeli, mbwa, taa, viti, watoto, popo, vyura na ndege wanaotaga chini, na hapo hakuna muujiza, mwenye nguvu anabaki na mnyonge anaondoka. Mnaweza kukaa wote kwenye ukanda mmoja kama kila mmoja ana njia yake ndani ya huo ukanda, na pale ambapo njia haziachani basi muachanishwe na saa. Ukiingia kwenye kikao na jambo moja tu liwe hilo, bustani ziungwe lakini njia ya watu na njia ya wanyama zisiungwe.

Kuna watu walishalipima hili. Banff kule Kanada barabara kuu inakatiza hifadhi, wakaweka vivuko vya wanyama vya juu na vya chini, na watafiti waliofuatilia vile vya chini walitoa matokeo mwaka 2000: kwa wanyama wala nyama, kilichoamua sana kama mnyama anapita au hapiti hakikuwa upana wala urefu wa kivuko, ni watu. Vivuko ambavyo watu walizoea kupita kwa miguu, baiskeli na farasi, wanyama wale walivikwepa, na ushauri uliotoka ni kwamba watu wasivitumie. Kingine ni cha Sydney, Australia, mwaka 2007, walipitisha watu na mbwa aliyefungwa kamba, narudia amefungwa kamba, kwenye vijia vya misitu ya pembezoni mwa jiji, ikaonekana aina za ndege zimepungua kwa asilimia 35 na idadi ya ndege kwa asilimia 41 ukilinganisha na sehemu ambazo hakupita mtu. Aliyepita bila mbwa naye alisumbua ila kwa kawaida chini ya nusu ya hapo. Kwaiyo mpe mwenzako namba hizo, zinamuunga mkono kabisa, alafu msome pamoja zinasema nini. Hazisemi watu wafukuzwe. Zinasema mnyama asilazimishwe kupita palepale anapopita mtu na mbwa wake.

Sasa kwanini ujisumbue kuunganisha, si uboreshe kila bustani peke yake yaishe? Kwa sababu bustani iliyozungukwa na lami ni kisiwa. Mwaka 1967 wanaikolojia wa Marekani Robert MacArthur na Edward O. Wilson walieleza kwa visiwa vya baharini kwamba kadiri kisiwa kinavyokuwa kidogo na kadiri kilivyo mbali na pengine ndivyo kinavyobeba spishi chache, na wazo hilo limetumika sana tangu hapo kuelewa vipande vya msitu vilivyobaki katikati ya mashamba na miji. Los Angeles kulikuwa na puma dume, yule paka mkubwa wa mwituni wa Amerika, waliyemwita P-22, alionekana Griffith Park mwaka 2012 na inaaminika kufika pale alivuka barabara kuu mbili, ya 405 na ya 101, akaishi humo karibu miaka kumi, bustani kubwa ya ekari zaidi ya 4,000 na chakula anapata, lakini jike hakuna na pa kutokea hakuna mpaka alipokufa Desemba 2022. Puma wengine wa milima ya jirani walikuwa wameanza kuonyesha dalili za kuzaliana ndugu kwa ndugu, mikia imepinda. Ujenzi wa daraja la wanyama juu ya hiyo 101 ulianza mwaka huohuo 2022. Nyie hamna puma, najua, lakini chura wenu na kalunguyeye wenu wako kwenye hali ileile, kwao njia nne za magari ni bahari.

Unauliza muanzie wapi. Mfereji. Wengi wangeanza na njia ya baiskeli maana ndo inayoonekana kwenye picha, mi nasema anzeni na maji, na nina sababu mbili. Ya kwanza, maji tayari yameunganisha bustani zenu, yanapita zote bila kuomba ruhusa ya mtu, na viumbe wengi mjini husafiri kwa kufuata maji. Ya pili ni hela, bajeti ya kuzuia mafuriko kwa kawaida ni kubwa kuliko bajeti ya bustani na haipigiwi makelele, kwaiyo mkiingiza mpango wenu kama kazi ya maji ya mvua mnafika mbali. Si ujanja mpya huo, msanifu wa bustani Frederick Law Olmsted alipoanza kushona mlolongo wa bustani za Boston, Marekani, huu unaoitwa Emerald Necklace wa kama kilomita 11, sehemu ya Back Bay Fens ilikuwa kwanza kabisa kazi ya mafuriko na maji machafu yaliyokuwa yananuka, uzuri ukaja juu yake.

Na mfano unaofanana na wenu kabisa ni wa Singapore, bustani ya Bishan-Ang Mo Kio. Pale palikuwa na mfereji wa zege umenyooka wa kilomita 2.7 na uzio, bustani upande mmoja, nyumba za watu upande wa pili. Wakabomoa zege, wakaurudisha mto wa kujipindapinda wa kilomita 3.2 ndani ya bustani yenyewe, hekta 62, ikafunguliwa mwaka 2012. Mvua ikiwa kidogo watoto wanachezea maji kwenye mawe, mvua ikiwa kubwa mto unajaa na kupanda kwenye nyasi na bustani yenyewe inakuwa mto kwa muda, kwaiyo wameweka vipima maji, ving'ora na taa za onyo watu watoke mapema. Fisi maji wamerudi, na hakuna mtu aliyewabeba kuwaleta. Kuna kitu kimoja pale nakipenda na nakuomba mkiige, kabla ya kuugusa mto mkubwa walichukua kipande cha mita 60 tu cha mfereji wa pembeni wakajaribu njia kumi tofauti za kushika kingo kwa mimea na mawe, waone ipi inashika na ipi inasombwa. Injinia wa maji ambaye hajawahi kuona mizizi ikishika ukingo hatakuamini kwa maneno, muonyeshe mita 60. Munich nao walifanya hivyo kwa mto Isar, kilomita 8 ndani ya jiji, kazi toka 2000 hadi 2011, wakapanua mto ukapata nafasi ya kufurika na watu wakapata kingo za changarawe za kukaa, kazi moja.

Kama mfereji wenu hauwezi kubomolewa wote, na mara nyingi hauwezi maana kuna nyumba au mabomba yamebana, msikate tamaa mkaacha. Laza ukingo mmoja tu, ule wa upande wa bustani, uwe mteremko mlaini. Weka ngazi za mawe za kutokea, maana mnyama akidumbukia kwenye mfereji wenye kuta wima hatoki. Na pale mfereji unapopita chini ya barabara kwenye karavati, jengeni ukingo mkavu pembeni ndani yake, juu ya usawa wa maji ya kawaida, viumbe wadogo wanaokataa kuogelea wapite kwa miguu. Ukingo huo ukilinganisha na daraja la wanyama ni kazi ndogo sana na ndo inayosahaulika kuliko zote, nimeona michoro mizuri ya mamilioni haina huo ukingo.

Hapo tumeshafika kwenye barabara, ambayo kwa maoni yangu ndo mradi wenyewe. Bustani kuifanya nzuri ni rahisi, ugumu ni zile mita ishirini za lami. Jiulizeni mnataka nani avuke, kwa majina, msiseme "wanyama". Ndege wengi na vipepeo hawahitaji ukanda usiokatika, wanarukia kama mtu anayevuka mto kwa mawe, mti hapa, bustani ya shule pale, paa lenye mimea kule, basi kwao pandeni miti mikubwa pande zote mbili za barabara mpaka matawi yakaribiane juu, na hata wale wanaokwea miti watapita huko huko juu. Chura na kalunguyeye wanataka ardhi, wao watapita kwenye karavati na chini ya uzio. Uingereza wanahamasisha watu waache tundu la sentimita 13 kwa 13 chini ya uzio wa kila nyumba ili kalunguyeye apite uwanja hadi uwanja, na hilo hata manispaa haihitajiki, mnagonga milango ya majirani tu. Na watu nao wavukie juu ya lami, usawa wa barabara, kwa kivuko kilichoinuliwa ambacho kinalilazimisha gari lipunguze mwendo. Tafadhali msikubali daraja la ngazi la watu, mama mwenye kigari cha mtoto na mtu wa kiti cha magurudumu hawalipandi na wengine wote watakatiza barabarani. Kivuko kikae pale ambapo watu tayari wanakatiza, nendeni mkaangalie nyasi zimekanyagwa wapi, ramani hiyo ya miguu ya watu ni bora kuliko ya ofisini.

Sa njia yenyewe. Ipiteni pembeni ya bustani, karibu na mtaa, nyumba na mageti, isipite katikati na isifuate ukingo wa maji mwanzo mwisho. Hapa ndo miradi mingi inaharibika kwa nia njema kabisa, kila mtu anataka atembee kando ya maji na mchoraji anampa, matokeo yake hakuna hata mita kumi ya ukingo ambayo ndege anaweza kutulia. Gusa maji mara mbili au tatu kwa kijia kifupi kinachoishia kwenye jukwaa la kukaa na kuangalia, mtu anafika anarudi, na kati ya jukwaa na jukwaa ukingo unabaki wa ndege na wanyama wenyewe. Nakwambia watu wanaona ndege wengi zaidi kwa kukaa sehemu moja tulivu kuliko kwa kutembea wakiwafukuza mbele yao. Upande mmoja wa mfereji uwe wa watu na upande wa pili uachwe, na huo ulioachwa uandikwe kwenye mpango kwa jina na mipaka yake, ukiacha wazi bila kuandika, bajeti ya mwaka unaofuata itamwagia lami.

Upana wa njia kuu ya miguu na baiskeli mita 3 ni sawa, penye watu wengi sana tenganisheni baiskeli na waenda kwa miguu maana mzee anayeshtushwa na kengele mara tatu hatarudi tena. Mteremko usizidi mita moja kwa kila mita 20 mkitaka kiti cha magurudumu kipite bila kusukumwa. Vijia vya udongo vya ndani visishuke mlima moja kwa moja, maji yatavigeuza mifereji ndani ya misimu michache, vifuate ubavu wa mlima, viinamie kidogo upande wa chini na viwe na mabonde madogo ya kumwaga maji nje. Na msichimbe karibu na mti mkubwa, mizizi mingi inayonyonya maji iko kwenye sentimita 60 za juu hivi, ukikata hapo au ukishindilia udongo kwa greda mti hauanguki siku hiyo, unakufa polepole mkandarasi akishaondoka na kulipwa.

Usalama lazima niuseme maana ndo utakaoulizwa. Vichaka vinawatisha watu, hasa wanawake wanaopita jioni, na hiyo si hofu ya kijinga. Kanuni inayotumika ni kwamba jirani na njia mimea ya chini isizidi mita moja na matawi ya miti yaanze juu ya mita mbili, jicho lione mbali, kisha vichaka vizito viende ndani zaidi ambako njia haifiki. Ukiangalia utaona hii inawafaa wanyama pia, kwaiyo hapo hakuna wa kumnyima mwenzake.

Taa ni ngumu kidogo. Njia kuu ya pembeni, inayotumiwa na mtu anayetoka kazini, iwekwe taa, fupi, zinazoangalia chini, mwanga wa njano uliopoa, na zipungue usiku wa manane. Ndani na kando ya maji kuwe giza. Wengi hawajui kwamba popo wa aina fulani hawavuki mwanga kabisa, kwao mstari wa taa ni ukuta. Nieuwkoop, Uholanzi, mwaka 2018 waliweka taa nyekundu kwenye mtaa mzima kwa ajili hiyo, baada ya utafiti kuonyesha popo wanaokwepa mwanga mweupe na wa kijani hawasumbuki na mwekundu. Na giza hilo maana yake ni kuwaambia watu ukweli, vijia vya ndani ni vya mchana, andikeni kwenye mageti. Hii ndo ile ya kuachana kwa saa niliyoisema mwanzo.

Mbwa pia msiogope kulisema. Wapeni wenye mbwa uwanja wao mzuri, mkubwa, wenye uzio na kivuli na maji, karibu na mlango, kisha muwe na haki ya kusema kwingine ni kamba na kule upande ulioachwa hapana kabisa. Ukikataza bila kutoa unapata ugomvi usioisha, na ukiangalia namba za Sydney huwezi kukaa kimya.

Kupanda mimea sitaongea sana, mna watu wa bustani wanaojua ya kwenu kuliko mimi, ila pandeni ya asili ya hapo, kwa ngazi zote, nyasi, vichaka, miti midogo, miti mikubwa, maana bustani ya nyasi zilizofyekwa na miti mirefu bila kitu katikati haina pa kujificha. Na magogo yaliyoanguka yaachweni yaoze, kigong'ota, mende na uyoga wanaishi humo. Majirani watalalamika kwamba bustani imetelekezwa. Joan Nassauer, msanifu mandhari wa Marekani, alieleza vizuri mwaka 1995 kwamba watu wanavumilia uoto wa ovyoovyo wakiona dalili kwamba kuna mtu anautunza, kwaiyo fyekeni ukanda wa mita moja kando ya njia uwe safi umenyooka, wekeni kibao na kiti, nyuma yake acheni nyasi zirefuke. Mita moja hiyo inaokoa malalamiko mengi sana, nimeiona ikifanya kazi mara nyingi.

Jambo la mwisho linaniuma kidogo nikiliona limesahauliwa. Ukishafanya eneo lipendeze kodi ya nyumba inapanda. High Line ya New York, reli ya juu iliyogeuzwa bustani, kama kilomita 2.3, ilianza kufunguliwa mwaka 2009, nyumba za jirani zilipanda bei vibaya. Kwaiyo wapangaji wawepo kwenye kamati sasa hivi, si wenye nyumba tu, na muulize manispaa mapema ina mpango gani wa kuwalinda. Kuna kipimo mtafiti wa misitu ya mijini Cecil Konijnendijk alikipendekeza mwaka 2021 ambacho mnaweza kukitumia bila kuhitaji mtaalamu, 3-30-300: mtu aone miti mitatu toka nyumbani kwake, mtaa wake uwe na kivuli cha miti asilimia 30, na bustani isiwe mbali zaidi ya mita 300. Pitieni mtaa kwa mtaa na karatasi mkononi, mtaona wapi watu hawana hata mti mmoja, na mlango mpya wa bustani ufunguliwe upande huo hata kama si upande wa kupiga picha.

Kabla greda halijafika hesabuni. Ndege alfajiri, vyura usiku wa mvua, watu wanaopita kila geti kwa saa, kamera moja mbili za kutegea kwenye karavati, mwaka mzima kama inawezekana. Bila hesabu ya kabla, miaka mitatu baadae wewe na mwenzako mtakuwa bado mnabishana na hakuna wa kuwaamulia. Na mkiweza kupata toka manispaa ramani inayoonyesha maji yanafika wapi mvua ikizidi, ichukueni mapema, maana upande ule unaofurika kila mwaka hakuna atakayejenga kitu, na huo ndo ningeuomba kwanza uwe upande wa kuachwa.